Simama Kidogo

Kisimba amepasua mfuko wa saruji kwa kisu cha mkate,
akautandaza mezani, upande usio na maandishi.
Hapa Katuba, anasema, akaweka kizibo cha bia.
Hapa Dilolo. Akaweka kizibo kingine, mbali,
kikaviringika, kikaanguka chini ya meza.

Miaka arobaini na mitano ya ndoa
na mwanaume bado hajui kupima meza.

Tutaondoka mwezi wa sita: vumbi lipo, matope hapana.
Gari ni la mpwa wetu Mbayo, usukani kuume,
liliingilia Kasumbalesa likiwa na harufu ya mtu mwingine.
Mimi daftarini nimeandika: mafuta, peaji,
peaji tena, pesa ya wale wasio na kibanda wala risiti,
dawa ya presha, yako na yangu, zisichanganywe,
unga, maana siwezi kula bukari ya watu siku tisa,
bitoyo katika kopo lenye kifuniko kigumu
Mbayo asije akatushusha njiani.

Likasi tutalala kwa dada yako usiku mmoja.
Mmoja, nimesema.
Fungurume hatulali: malori ya shaba hupita mpaka alfajiri
kama jirani anayehama kwa hasira.
Kolwezi utanionyesha ile nyumba ya kambi yenye bafu
uliyoniahidi nilipokuwa bado na kiuno.
Kama mgodi umeimeza, basi nionyeshe shimo.

Baada ya hapo lami inakwisha kama mshahara:
unaiona, unaiona, halafu huioni.

Njia hii hii ndiyo iliyotuleta.
Mimi juu ya magunia ya mahindi katika lori la Mgiriki,
kitenge cha harusi nimekigeuza, nje ndani, kisipauke.
Wewe chini, mlangoni, kwa sababu ulikuwa utingo
na utingo haketi na bibi-arusi saa za kazi.
Kila mlima uliruka na kigogo chako,
ukakisukumiza nyuma ya gurudumu,
ukaniangalia, ukaona aibu kwa jasho.
Nikasema moyoni: huyu atazuia vitu visirudi nyuma.

Sikukosea sana.

Usiku umeme umekwenda. Amelala, miguu nje ya shuka.
Nimewasha mshumaa niisome karatasi yake,
maana mchana anaifunika kwa kiwiko kama mwanafunzi.
Majina yote yapo, hata ya steshini zilizokufa.
Lakini kati ya Mutshatsha na Kasaji hakuna jina.
Kuna namba tu, 61,
na mbele yake, kwa wino mwekundu:
simama kidogo.

Ilikuwa safari yetu ya pili, mwaka uliofuata,
tukimpeleka mtoto akaonwe na mama yangu.
Alikuwa na joto tangu Kolwezi. Lori halikungoja sana.
Mimi nilibaki na kichuguu kichwani, na mti wenye mapacha mawili,
na kitambaa ambacho hakikutosha
ingawa yeye alikuwa mdogo.
Hatukumtaja tena. Wakaja watano, wakajaza nyumba kelele,
wakavunja vikombe, wakaoa, wakaolewa,
na sisi tukawa watu wenye watoto watano.

Siku ile nilimwona amegeukia dirisha la dereva
nikadhani analia tu.
Kumbe alikuwa akihesabu.

Sitamwambia kwamba nimeona.
Nimefungua daftari langu, chini ya dawa ya presha
nimeongeza: maji, lita tano. Jembe la mkono mfupi.
Kitenge kipya, nusu kipande.
Akiuliza nitasema ni cha kufungia mkate.

Kisha nikapiga magoti, mshumaa mkononi,
nikapapasa chini ya meza mpaka nikakipata kile kizibo.
Nikavuta kigoda cha jikoni, nikakiunganisha na meza,
nikatandaza ncha ya mfuko juu yake.
Dilolo sasa imepata pa kukaa.
Katikati, pasipo na kizibo,
niliacha kiganja changu kwa muda.